Kibali cha mnara na kilima cha Calabasas: uchambuzi wa safari moja ya kuruka kwa macho (VFR)

Jumapili tarehe 26 Januari 2020, saa 3:07 asubuhi, helikopta aina ya Sikorsky S-76B iliondoka uwanja wa John Wayne, kusini mwa Los Angeles, ikielekea Camarillo upande wa kaskazini-magharibi. Ndani alikuwamo rubani mmoja na abiria wanane, miongoni mwao mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna wa miaka 13. Walikuwa wanakwenda kwenye mashindano ya kikapu ya vijana. Saa 3:46 helikopta ilijibamiza kwenye ubavu wa kilima huko Calabasas. Hakupona mtu.

Kwa sababu ya jina la Bryant kisa hiki kimeandikwa kupita kiasi, na wengi hukimaliza kwa sentensi moja: rubani aliingia mawinguni, akapoteza mwelekeo. Ni kweli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha hivyo hivyo katika kikao chake cha tarehe 9 Februari 2021. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo inaanza kusimulia safari ikiwa imebakiza dakika moja na ushei. Mimi nitaanzia nyuma kidogo, saa 3:20, helikopta ilipofika ukingoni mwa anga ya uwanja wa Burbank ikaambiwa isubiri. Hapo palikuwa na muda, palikuwa na nafasi ya kuamua, na barabara bado ilionekana chini.

Kwanza hewa yenyewe. Pwani ya kusini mwa California, maji baridi ya Pasifiki huzaa tabaka la hewa baridi yenye unyevu linalolala karibu na ardhi, na juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi inayolizuia lisipande, kama kifuniko kwenye sufuria. Unyevu ukikusanyika chini ya kifuniko hicho unapata mawingu mapana, ya chini, yaliyo bapa juu na chini, pamoja na ukungu unaosukumwa hadi kwenye mabonde ya ndani. Mvua hakuna, radi hakuna, upepo ni kama haupo. Ndiyo sababu hali hii hudanganya: haina vitisho vyovyote. Helikopta inatulia angani na abiria wanaongea kana kwamba wamo ndani ya gari.

Asubuhi ile Burbank iliripoti umbali wa kuona wa maili 2.5, yaani kilomita 4 hivi, na mawingu yaliyofunga anga yote kuanzia futi 1,100 juu ya uwanja. Van Nuys, uwanja wa jirani, uliripoti takribani hivyo hivyo. Kikosi cha anga cha polisi wa Los Angeles kilikuwa kimezuia helikopta zake zisiruke kwa sababu ya ukungu.

Sasa fanya hesabu ambayo msomaji wa ripoti za hewa huisahau kirahisi. Futi 1,100 hizo zinapimwa kutoka uwanjani. Uwanja wa Burbank wenyewe uko kwenye mwinuko wa kama futi 780 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tako la mawingu lilikuwa karibu na futi 1,900 kwa kipimo cha altimita, chombo kinachoonyesha kimo juu ya usawa wa bahari. Helikopta ilipita eneo hilo ikiwa kwenye futi 1,400 au 1,500. Ina maana futi 600 au 700 za hewa chini yake, na mia chache juu ya kichwa chake. Nafasi hiyo inatosha, madhali ardhi haipandi. Lakini ukifuata barabara kuu namba 101 kutoka bonde la San Fernando kuelekea magharibi, unaingia kwenye vilima. Mawingu ya aina hii hayapandi na ardhi. Tako lao hubaki pale pale, pengine hushuka zaidi karibu na bahari, na ardhi ndiyo inayoinuka kulifuata. Rubani anayekaza macho kwenye altimita ataona namba ile ile ya futi 1,500 na kudhani hakuna kilichobadilika, kumbe ile nafasi inabanwa kutoka chini.

Taarifa ya Burbank, hata ingekuwa sahihi kwa asilimia mia, ilikuwa taarifa ya Burbank tu. Njia ya kwenda Camarillo haikuwa tambarare, wala katikati ya vilima hapakuwa na kituo cha hewa ambacho kingemwambia rubani hali ya pale anapokwenda kupita.

Tuje kwenye kanuni. VFR ni kuruka kwa macho: rubani anakwepa ndege nyingine, ardhi na mawingu kwa kuviona. IFR ni kuruka kwa vyombo, na huko waongozaji walio ardhini, kwenye minara ya viwanja na vituo vya rada, ndio wanaozitenganisha ndege. Kuzunguka uwanja wenye shughuli nyingi kama Burbank, kanuni za Marekani humtaka rubani wa VFR aone angalau maili 3 mbele na akae mbali na mawingu: futi 500 chini yake, futi 1,000 juu yake, futi 2,000 pembeni. Maili 2.5 ni pungufu. Kwa hiyo kikanuni, asubuhi ile Burbank ilikuwa inafanya kazi chini ya IFR, na rubani wa VFR asingeweza kuingia hivi hivi.

Upo mlango mdogo, nao unaitwa VFR maalumu. Rubani anaomba kupita katika hali iliyo chini ya kima cha kawaida, mnara unampa kibali, na anapita. Sharti la kwanza ni kwamba rubani aombe mwenyewe. Mwongozaji haruhusiwi kumpendekezea. La pili ni kwamba ndege ya mabawa iwe na angalau maili 1 ya kuona na isiguse wingu. Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa waongozaji unataja mita 1,500 za kuona ardhini. Helikopta, kwa kanuni za Marekani, imesamehewa hata ile maili moja. Inatakiwa isiguse wingu, basi. Sababu yake ina mantiki: helikopta inaweza kupunguza mwendo hadi kutambaa, inaweza kusimama angani, inaweza kutua kwenye uwanja wa shule. Msamaha huo umejengwa juu ya dhana kwamba rubani atautumia uwezo huo pindi hali ikibana. Tutalirudia hilo.

Kibali cha VFR maalumu kinafanya nini hasa? Kinamtenga rubani na ndege za IFR. Kwa kuwa hawezi kuona mbali kiasi cha kuzikwepa mwenyewe, mwongozaji anahakikisha njia yake na yao hazikutani. Ndege zinazotua kwa vyombo hupewa kipaumbele, na huyu wa VFR maalumu hungoja upenyo. Ndivyo ilivyokuwa. Mwongozaji wa Burbank alikuwa na ndege za IFR kwenye foleni, ikiwamo moja iliyokatisha kutua ili izunguke na kujaribu tena, kwa hiyo akaiambia helikopta isubiri nje. Ikazunguka karibu na Glendale kama dakika 11. Saa 3:32 ikapewa ruhusa ya kupita ikifuata barabara namba 5, kisha namba 118 kaskazini mwa viwanja vyote viwili, ikikaa kwenye futi 2,500 au chini yake. Rubani alisoma kibali kwa usahihi, akaendelea.

Nimesikia watu wakiulaumu mnara kwa kumpa kibali katika ukungu. Lawama hiyo haina msingi. Mwongozaji hapimi kama safari ya rubani ni ya busara. Hajui ana mafuta kiasi gani, ana ujuzi gani, wala ukungu ukoje kilomita 25 mbele, nje ya anga yake. Anachotakiwa kupima ni kama anaweza kuzitenganisha ndege, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Kwa kweli, katika safari nzima, mle ndani ya anga ya Burbank na Van Nuys ndimo helikopta ilimokuwa salama zaidi. Ilikuwa kwenye rada, ina njia iliyopangwa, ina mtu anayeifuatilia, na chini kuna jiji tambarare lenye mahali pengi pa kutua, vikiwamo viwanja viwili vya ndege.

Hatari ya kibali ni namna kinavyosikika masikioni mwa aliyekingoja. Umezunguka dakika 11 juu ya mtaa ule ule. Nyuma yako wamekaa watu wenye ratiba. Hatimaye mnara unakuita, unakupa njia, nawe unarudia maneno yake na kuambiwa ni sahihi. Ni rahisi mno kulichukua hilo kama jibu la swali "je, safari hii inawezekana?" ilhali umejibiwa swali jingine kabisa, "je, kuna ndege nyingine njiani?" NTSB haikulisema jambo hili kwa namna hii, ni usomaji wangu. Ilichosema ni kwamba huenda uamuzi wa rubani ulisukumwa na shinikizo alilojitwika mwenyewe la kumfikisha mteja wake, na kutokuwa na mpango mbadala, na lile jambo ambalo wataalamu wa mambo ya kibinadamu katika urubani hulijua sana: kung'ang'ania mpango wa awali, kunakozidi nguvu kadiri mtu anavyokaribia anakokwenda. Bodi haikupata ushahidi kwamba kampuni yake au mteja walimshinikiza. Walikuwa wakielewana vizuri. Siku moja kabla alikuwa amewapeleka wengi wa watu hao hao Camarillo.

Dakika zile 11 zilikuwa muda pekee katika safari ile ambapo rubani hakuwa na cha kufanya zaidi ya kuzunguka. Ardhi anaiona, anga ya jirani ni shwari, redio imetulia. Angeweza kutumia nafasi hiyo kuuliza hali ya Camarillo na ya vilima vilivyo kati. Angeweza kujiwekea mpaka: nikifika mahali fulani barabarani na kilima kile hakionekani, nageuka kwenda Van Nuys, bila kujadiliana na nafsi yangu tena. Angeweza kuwaambia abiria mapema kwamba huenda wakatua Van Nuys na kumalizia kwa gari, neno ambalo likishasemwa humpunguzia rubani mzigo mkubwa sana, kwa sababu kugeuka hakutakuwa tena habari mbaya. Ninachojua ni kwamba bodi haikuona dalili ya mpango wowote mbadala, wala njia haikubadilika baada ya kungoja.

Kuna fomu pia. Kampuni ilikuwa na fomu ya kutathmini hatari ya safari, na rubani aliijaza mapema asubuhi. NTSB iligundua kwamba kama angeijaza upya kwa hali ya hewa iliyokuwapo alipokuwa anaondoka, safari ingebaki kwenye kundi la hatari ndogo, ila ingemlazimu apate ushauri wa mkurugenzi wa operesheni na aandike mpango mbadala. Isome tena. Alama zenyewe zisingeizuia safari. Karatasi bado ingesema "hatari ndogo". Faida yote ilikuwa kwenye mazungumzo: mtu wa pili, aliyekaa ofisini, asiye na abiria nyuma yake, akiuliza "ukishindwa kupita 101 unakwenda wapi?" Swali hilo halikuulizwa na mtu. Bodi iliihesabu kampuni kuwa ilichangia ajali, kwa usimamizi hafifu wa taratibu zake za usalama.

Baada ya Burbank mambo yalikwenda kasi. Saa 3:39 hivi, ikipita magharibi mwa Van Nuys, mnara ulimuuliza rubani kama yuko katika hali ya VFR. Akajibu ndiyo, futi 1,500. Akaelekezwa azungumze na kituo cha rada cha eneo zima, kinachohudumia kusini yote ya California. Alipowaita na kuomba ufuatiliaji wa rada, mwongozaji alimwambia yuko chini mno. Kwenye kimo kile, nyuma ya vilima, rada isingeendelea kumwona. Huduma ikakatishwa. Baadaye mwongozaji huyo alipumzishwa, akakaa mwingine.

Mabadiliko haya hayasikiki kwenye chumba cha rubani, ila ni makubwa. Dakika chache kabla, helikopta ilikuwa chini ya uangalizi wa minara miwili iliyoijua kwa jina. Sasa hakuna aliyekuwa na jukumu nayo. Ndivyo VFR inavyotakiwa kuwa, wala si kosa la mtu. Lakini rubani aliyetoka kubebwa kwa mkono kupita kwenye anga yenye shughuli huweza kubaki na hisia kwamba bado yumo ndani ya mfumo, kumbe yuko peke yake na barabara.

Na mwendo. Hapa ndipo msamaha wa helikopta unapodai malipo yake. Ilikuwa inakwenda karibu noti 140, yaani kilomita 260 kwa saa, mita 72 kila sekunde. Ukiwa unaona maili 2.5 mbele, kitu kinachojitokeza ukingoni mwa macho yako kitakufikia kwa sekunde 56. Ukungu ukisogea hadi uone mita 800 tu, zinabaki sekunde 11 za kukitambua, kuamua, na kugeuza chombo cha tani kadhaa katikati ya vilima. Kwa nusu ya mwendo huo sekunde zinakuwa mara mbili na duara la kugeukia linapungua hadi robo. Rubani alifundishwa hivyo: hali ikiharibika, punguza mwendo kwanza. NTSB iliandika kwamba kukimbia kiasi kile kulikwenda kinyume na mafunzo yake na kulimnyang'anya muda wa kuchagua njia nyingine. Kati ya yote yaliyomo kwenye ripoti, hili ndilo linalonishangaza zaidi. Kuendelea kunaeleweka, watu huendelea. Kuendelea kwa mwendo wa siku ya jua, ndani ya chombo ambacho faida yake yote ni kuweza kwenda polepole, ni kitu kingine.

Saa 3:45 rubani aliita tena kituo cha rada, akasema anapanda ili atoke juu ya mawingu, na akaomba huduma. Mwongozaji mpya hakuwa na habari zake. Akamwomba ajitambulishe kwa transponda, maana yake abonyeze kitufe ili alama yake kwenye kioo cha rada ijulikane ni ipi. Akamuuliza ana nia gani. Jibu: anapanda hadi futi 4,000. Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyosikika, na rekodi za mahali helikopta ilipokuwa zinaonyesha kwamba alipokuwa akijibu hivyo ilikuwa tayari inashuka.

Ilikuwa imepanda ikifuata barabara namba 101 hadi karibu futi 2,370. Wachunguzi walikadiria kwamba kilele cha mawingu kilikuwa kwenye futi 2,400. Kisha ikaanza kukata kushoto, na sekunde chache baadaye ikaanza kushuka huku ikiendelea kukata. Kasi ya kushuka ikapita futi 4,000 kwa dakika, mwendo ukafika noti 160. Ardhi pale alipoangukia ina mwinuko wa futi 1,085. Injini zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Wachunguzi hawakukuta hitilafu yoyote ya chombo.

Mtu asiyeruka hujiuliza inawezekanaje mtu aseme anapanda akiwa anashuka. Jibu liko sikioni. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kuzunguka, na viungo vingine vidogo vinavyohisi mvutano na mwendo. Mifereji hiyo huhisi badiliko tu. Kona ikianza taratibu haihisiwi kabisa, na kona ikidumu majimaji hutulia, mtu akajiona ananyooka. Viungo vile vingine navyo haviwezi kutofautisha kuongeza mwendo na kuinua pua: kiti kikikusukuma mgongoni, mwili unasoma "tunapanda". Kwenye kona uzito nao huongezeka, na mwili husoma hivyo hivyo. Macho yakiona upeo wa mbali, ubongo huyaamini macho na kuyapuuza masikio. Ndani ya wingu jeupe upeo haupo. Kinachobaki ni vyombo, na kuvisoma kunataka mtu ameviweka machoni kabla hajahitaji kuviamini. Kugeuza kichwa au kupeleka mkono kwenye transponda katika sekunde hizo huongeza fujo. Wachunguzi walilitaja ombi lile la mwongozaji kama kivuruga umakini, ingawa mwongozaji hakuwa na njia ya kujua.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo kwa kuwaondolea uwezo wa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, wastani ukiwa sekunde 178. Namba hiyo hupendwa sana madarasani, nami nina mashaka na jinsi inavyotumiwa katika kisa hiki, kwa sababu rubani wa Calabasas hakuwa kama wale 20. Alikuwa na saa zipatazo 8,500 angani, leseni ya kuruka kwa vyombo, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Mei 2019 alifanya mazoezi ya nini cha kufanya ukiingia mawinguni bila kukusudia: nyoosha chombo, panda moja kwa moja, tangaza dharura. Helikopta nayo ilikuwa na vyombo vya kuruka hivyo. Kikwazo ni kwamba kampuni ilikuwa na kibali cha kubeba abiria kwa VFR tu. Leseni ilikuwa mfukoni, ila kazi ya kila siku haikumpa nafasi ya kuitumia, na ujuzi wa vyombo huisha upesi usipotumiwa.

Dharura hakuitangaza. Nadhani kibali kile cha VFR tu kilichangia hata hapo. Kusema redioni "nimeingia mawinguni, nisaidieni" ni kukiri kwamba umevunja masharti ya kampuni na kanuni kwa pamoja. Kusema "napanda nitoke juu ya mawingu" kunasikika kama uendeshaji wa kawaida. Sina uthibitisho kwamba ndivyo alivyofikiri. Lakini yeyote anayesimamia marubani wa VFR angefanya vyema kuwaambia wazi, kabla ya safari, kwamba atakayetangaza dharura mapema hatakutana na barua ya onyo siku ya pili.

Baada ya ajali mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kifaa cha kuonya kuhusu ardhi, ambacho helikopta ile haikuwa nacho wala haikulazimishwa kuwa nacho. Wabunge walikidai. NTSB ilisema pengine kisingesaidia, nami nakubali: rubani alijua fika kuna vilima, ndiyo maana akapanda. Aliyeshindwa kujua juu ni wapi na chini ni wapi hasaidiwi sana na sauti inayomwambia ardhi iko karibu. Bodi ilielekeza nguvu kwingine: mazoezi ya kupoteza mwelekeo kwenye mashine za kuigiza safari, kurekodi data za safari na kuzipitia hata kama hakuna ajali, na mifumo rasmi ya kusimamia usalama kwa kampuni zinazokodisha ndege. Mwaka 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilitoa kanuni inayozilazimisha kampuni za aina hiyo kuwa na mifumo hiyo, na kuzipa hadi mwaka 2027.

Kanuni hiyo inashughulikia fomu na mtu wa pili ofisini. Yale mazunguko ya Glendale hayakuguswa, na ningependa kuyaona kwenye mitihani ya vitendo ya VFR maalumu. Mara nyingi mwanafunzi hufundishwa kuomba kibali, kukisoma, na kukaa nje ya wingu. Zoezi ningelipanga hivi: mtahiniwa azungushwe nje ya anga ya uwanja kwa dakika kumi, na wakati anangoja atakiwe kutaja kwa sauti atageuka wapi, akiona nini, kwa mwendo gani, na atatua kiwanja kipi. Akishindwa kujibu, mnara ukampa kibali, mtihani uishie hapo hapo, hata kama kibali amekisoma bila kukosea neno.